Kusema Lugha bila Kunukuu: Bartók katika Tamasha la Budapest, 1923

Tarehe 19 Novemba 1923, jiji la Budapest liliadhimisha miaka 50 tangu Buda, Pest na Óbuda kufanywa mji mmoja. Tungo mpya ziliagizwa kwa watunzi watatu: Ernő Dohnányi, aliyeiongoza pia okestra jioni hiyo, Zoltán Kodály na Béla Bartók. Miaka mitatu nyuma, mkataba wa Trianon ulikuwa umeiondolea Hungaria takriban theluthi mbili za ardhi yake. Katika hali kama hiyo, neno “taifa” halikuwa neno jepesi.

Kodály alileta kilio. *Psalmus Hungaricus* yake, ya mwimbaji mmoja, kwaya na okestra, imejengwa juu ya Zaburi ya 55 kama ilivyofasiriwa kishairi na Mihály Kecskeméti Vég katika karne ya 16. Wasikilizaji waliipokea kwa furaha. Bartók alileta mfululizo wa ngoma tano zenye hitimisho, nao, kwa kuchezwa bila mazoezi ya kutosha, ulipwaya. Ilibidi kungojea Praga, mwaka 1925, chini ya uongozi wa Václav Talich, ndipo thamani yake ikaonekana.

Jambo la kwanza linalomhusu mwanaisimu ni hili: katika mfululizo huo hamna hata wimbo mmoja uliookotwa kijijini. Lahani zote ni za Bartók mwenyewe. Na huyu ndiye mtu aliyezunguka vijijini kwa miaka mingi akirekodi waimbaji kwa fonografu, na ambaye mwaka 1913 alifika hadi Biskra, nchini Algeria. Hakukosa nyimbo za kunukuu. Ila kukariri methali mia si kujua lugha. Anayeijua ni yule awezaye kuunda sentensi ambayo hajapata kuisikia, na wenyewe wakaikubali. Bartók alifika hapo, na ndipo anapowapita watunzi wengi wanaouvika wimbo wa mkulima koti la okestra na kuuita muziki wa taifa.

Jambo la pili ni zito zaidi. Lugha hiyo si moja. Ngoma ya kwanza, inayoanzishwa na basuni kwa sauti nzito za kunong’ona, ina asili ya Kiarabu kwa sehemu. Ya nne, tulivu kama usiku wa jangwani, ni ya Kiarabu kabisa. Ya pili, yenye tromboni zinazoteleza kwa ukali, ni ya Kihungaria. Katika ya tatu Wahungaria na Warumania wanapokezana zamu. Kati ya ngoma hizo hupita kiitikio laini cha fidla, Kihungaria kitupu, kinachoziunganisha bila kuzimeza. Hayo yalisikika katika sherehe ya mji mkuu uliojeruhiwa, kutoka kwa mtu ambaye mwaka 1920 alishutumiwa hadharani kuwa si mzalendo, kwa sababu tu ya kuandika juu ya muziki wa Warumania wa Hunyad. Kwa hiyo wanaouita utungo huu “wa Kihungaria” bila kuongeza neno wanamrudisha Bartók ndani ya ua aliokwisha kuuruka.

Hata hivyo, ukarimu wake haukuwa kamili. Ngoma ya tano ni fupi mno, mithili ya ushoroba wa kupitia kuelekea hitimisho, na mtunzi mwenyewe aliieleza tu kuwa ya wakulima wa kale, bila kuitajia watu wake. Ngoma ya Kislovakia aliyoianza aliiacha nje. Zaidi ya hayo, Waroma waliopiga fidla mijini, ambao Liszt aliwadhania kuwa ndio chemchemi ya muziki wa Hungaria, Bartók aliwakatalia nafasi: kwake muziki wao ulikuwa bidhaa ya mjini, si sauti ya mkulima. Hoja hiyo ina ukweli wa kihistoria, lakini inadhani kwamba lugha safi hukaa shambani tu, na kwamba anayechanganya sokoni hana lugha. Mtafiti yeyote aliyesikiliza mazungumzo ya mjini Lubumbashi ana haki ya kumbishia hapo.