Umeme wa Feni Unarudi Wapi?

Injini ya 1JZ-GTE, ile ya Toyota Mark II na Chaser za JZX100, ilitoka kiwandani na feni inayozungushwa na mkanda. Anayeihamishia kwenye gari lake la GX100 na kuifungia tabo kubwa na rejeta nene hukuta nafasi kati ya pampu ya maji na rejeta imekwisha. Feni ya mkanda inang'olewa, inafungwa ya umeme. Mara nyingi kontroli boksi ya Toyota nayo imeshawekwa kando, na injini inaendeshwa na kompyuta ya kununua pembeni kama MegaSquirt, kazi ya Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, iliyotoka 2001 kwa ajili ya watu wanaopenda kujiungia wenyewe. Basi kompyuta ndiyo inayokabidhiwa feni.

Kwenye karatasi kazi ni nyepesi. Kompyuta haiipi feni umeme. Inachofanya ni kuunganisha upande mmoja wa koili ya relei na hasi, na koili hiyo hunywa umeme mdogo sana, kama ampea 0.15. Feni yenyewe ikishashika mwendo inaweza kula ampea 20, na sekunde ile ya kuanza inakula zaidi ya hapo. Kwa hiyo mguu wa 30 wa relei unatoka betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri, 87 inakwenda kwenye feni, 86 inapata umeme wa funguo, 85 inakwenda kwenye kompyuta. Waya wa feni uwe wa milimita 4 za mraba, si ule mwembamba uliobaki kwenye redio. Daiodi ya 1N4007 ifungwe kati ya 85 na 86, mstari wake ukielekea 86, kwa sababu koili ikikatiwa umeme hurusha volti nyingi kwa kufumba na kufumbua, na transista ya kompyuta ndiyo inayozipokea.

Nyuzi za joto za kuwasha na kuzima feni hazina siri. Themostati ya Toyota huanza kufunguka kwenye nyuzi 82, kwa hiyo feni iwake kwenye 95 na izime kwenye 90. Ukiiambia izime kwenye 80 haitazima kamwe, maana themostati haitaki maji ya injini yashuke hadi huko. Wapo mafundi ambao dawa yao ya kila gari linalochemsha ni kutoa themostati na kuitupa. Kwenye injini ya kompyuta hiyo ni hasara ya wazi: gari likiwa njiani kwenda Morogoro maji yanapoa kupita kiasi, kompyuta inadhani injini bado inapashwa moto, inaendelea kumimina petroli.

Kinachosumbua watu ni kingine kabisa. Gari linawashwa, linapata moto, linafika nyuzi 95, na relei inaanza kupiga tatatata kama mashine ya cherehani. Feni inashtuka, inakata, inashtuka, inakata. Fundi anabadilisha relei. Bado. Anabadilisha feni. Bado. Mwisho wake kompyuta inalaumiwa, na mwenye gari anaambiwa vitu vya kujiungia ndivyo vilivyo.

Tazama sensa ya maji kwa karibu. MegaSquirt inapeleka volti 5 kupitia kizuizi cha omu 2,490, kisha zinapita kwenye sensa hadi hasi. Kompyuta inapima volti zilizobaki katikati. Sensa ya General Motors, ambayo ndiyo iliyo kwenye jedwali lake la kawaida, ina kama omu 332 maji yakiwa nyuzi 80, 240 yakiwa 90, na 177 yakiwa 100. Kwenye nyuzi 95 ni kama omu 205, na kompyuta inaona volti 0.38. Kumbuka tarakimu hiyo ilivyo ndogo. Katika eneo hili uzi mmoja wa joto una thamani ya volti 0.013 hivi.

Sasa fundi amechukua hasi ya sensa na hasi ya feni akazifunga kwenye bolti moja ya bodi, kwa kuwa ilikuwa karibu. Chini ya bolti kuna rangi na kutu kidogo, ukinzani wa omu 0.01 tu, kitu ambacho mita ya kawaida haikuonyeshi. Ampea 20 za feni zikipita hapo zinazaa volti 0.2, na hasi ya sensa inapanda kiasi hichohicho juu ya hasi ya kompyuta. Badala ya 0.38 kompyuta inasoma karibu 0.565. Ikipiga hesabu zake inapata omu 317, yaani maji yako kama nyuzi 82. Nyuzi 82 ni chini ya 90, basi inazima feni. Feni ikizima zile volti 0.2 zinatoweka, joto la kweli la 95 linarudi kwenye kioo, feni inaamriwa iwake. Maji hayajapoa hata chembe. Feni ndiyo inayomdanganya anayeiamuru.

Wengine hutibu hili kwa kupanua pengo, iwake 95 na izime 78. Tatatata inaisha, ugonjwa unabaki, kwa sababu wakati wote feni inapozunguka kompyuta inapimia petroli na cheche injini iliyopoa nyuzi 13 kuliko ilivyo. Dawa ni hasi ya sensa kurudi kwenye kompyuta kwa waya wake peke yake, hasi ya kompyuta kufungwa kwenye injini, na hasi ya feni kwenda kwenye bodi iliyokwanguliwa hadi bati au moja kwa moja betri. Kuthibitisha ni rahisi: mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya sensa, nyingine kwenye hasi ya kompyuta, feni izunguke. Mita isitikisike.

Kuna kituko kingine cha jamii hiyohiyo: unazima funguo na injini inaendelea kuunguruma kidogo. Feni inayozunguka bila umeme ni jenereta. Kama mguu wa 30 na wa 86 yote ilichukuliwa kwenye relei kuu inayolisha kompyuta, umeme huo unarudi nyuma na kuishikilia kompyuta hadi mapanga yapoe mwendo. Ndiyo maana 30 inatoka betri.

Linabaki swali la waya kukatika. Kwenye Corolla za miaka ya 1990 Toyota walipanga kinyume na tulivyofanya sisi: swichi ya joto hujifunga maji yakiwa baridi na kufunguka yakifika kama nyuzi 93, na relei huwasha feni inapokosa umeme wa koili. Chomoa soketi ya swichi na ufunguo ukiwa umefunguliwa, feni inaanza kuzunguka. Mpango wetu wa MegaSquirt ukikatika waya wa 85 unakaa kimya mpaka mvuke utoke.

Unaweza kurudisha akili ile ya Toyota. Tumia mguu wa 87a, geuza mantiki kwenye programu ili kompyuta ishikilie koili maji yakiwa baridi na kuiachia yakiwa moto, na uilishe 30 kwa relei ya pili ya funguo isiyohusiana na kompyuta, la sivyo feni itamaliza betri usiku. Ni relei moja zaidi, na kwa gari linalokaa foleni ya Ubungo mchana nadhani inalipa. Sensa nayo ina upande wake: waya wake ukikatika, ukinzani unaonekana mkubwa mno, na kwa kompyuta hiyo ni baridi kali. Weka kwenye programu joto la dharura lililo juu ya 95, halafu washa injini, ichomoe sensa kwa mkono, na uangalie kama feni itawaka.