Suala la Lugha katika Mapitio ya Kimfumo

Mapitio ya kimfumo hudai kukusanya tafiti zote zilizofanywa juu ya swali moja, kuzipima kwa kigezo kimoja na kutoa hukumu isiyoegemea upande. Matokeo ya tafiti hizo yanapounganishwa kwa takwimu hupatikana uchanganuzi-jumuishi, mbinu iliyopewa jina na Gene Glass, mtaalamu wa elimu wa Marekani, mwaka 1976. Nia yake ni njema: msomi asichague ushahidi unaomfaa na kuufumbia macho usiomfaa. Hata hivyo, mwamba ngoma huvutia kwake, na nafasi ya kuvutia ingalipo.

Nafasi hiyo ni sentensi moja katika sehemu ya mbinu, isemayo kwamba zimeshughulikiwa tafiti za Kiingereza pekee. Aghalabu huandikwa kana kwamba ni suala la utaratibu tu. Mwaka 1997 Matthias Egger na wenzake walionyesha katika jarida la *The Lancet* kwamba sivyo. Walilinganisha jozi 40 za majaribio ya tiba, kila jozi ikiwa na mwandishi mkuu yule yule, moja kwa Kijerumani na jingine kwa Kiingereza. Matokeo yenye uzito wa kitakwimu yalionekana katika asilimia 35 ya makala za Kijerumani, na asilimia 62 za Kiingereza. Ubora wa majaribio haukutofautiana. Kwa hiyo, asomaye Kiingereza pekee huenda akasoma mafanikio zaidi kuliko yaliyopatikana.

Upinzani upo, nao hauna budi kusikilizwa. Mapitio ya Andra Morrison na wenzake ya mwaka 2012 hayakupata ushahidi wa upotofu wa kudumu utokanao na kizuizi hicho katika tiba ya kawaida. Lakini hoja iliyothibitishwa katika tiba haihamishiki vivi hivi hadi kwenye elimu au isimu. Tanzania imefundisha shule za msingi kwa Kiswahili tangu 1967. Mapitio juu ya kufundisha kusoma katika Afrika Mashariki yasiyotafuta makala za Kiswahili yatakuwa yamewaacha nje mashahidi walio karibu zaidi na tukio.

Mwongozo wa PRISMA wa 2020, wenye vipengele 27, humtaka mwandishi aeleze vigezo vyake vya uteuzi. Lakini kueleza si kuhalalisha. Hapana budi mwandishi aseme kwa nini lugha nyingine zimeachwa, ataje idadi ya makala zilizoondolewa kwa sababu hiyo, na afinye hitimisho lake lilingane na alichokisoma.

Lawama, hata hivyo, si ya upande mmoja. Makala ya Kiswahili isiyo na ikisiri, isiyoeleza sampuli wala mbinu, na isiyoorodheshwa katika faharasa yoyote, haitaonekana hata na mtafutaji mwenye nia safi. Wahariri wa majarida ya Kiswahili wanayo kazi ya kufanya kabla ya kudai haki ya kusomwa.