Kasi ya saa nne kamili

Mwanafunzi aliyekariri "shusha kipeo, kisha punguza moja" atakupa jibu la x³ kabla hujamaliza kuandika swali ubaoni. Muulize hiyo 3x² inapima nini, atakutazama tu. Kalkulasi huingizwa vyuoni kwa mtindo huo mara nyingi mno: kanuni leo, maana kesho. Na wengi wanaojiunga na vyuo vya kati wametoka kidato cha nne, ambako hisabati ya lazima haikuwagusisha kalkulasi hata kidogo.

Kibirizi, kaskazini ya mji wa Kigoma, ipo kampasi ya FETA, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, na upo mwalo ambako dagaa waliovuliwa usiku kwa taa huanikwa asubuhi. Anayetaka kufundisha kasi ya badiliko mahali kama hapo hahitaji lile gari la vitabuni linalotoka Dar es Salaam kwenda Morogoro. Achukue kichanja kimoja na mizani.

Tuseme kilo 20 za dagaa wabichi zimeanikwa saa mbili asubuhi, na uzito W unafuata fomula hii, t ikiwa ni muda kwa saa tangu kuanikwa:

W = 20 − 4t + t²/4

Namba nimezitunga mimi ili zigawanyike vizuri, lakini tabia yake ni ya jua na dagaa: maji ya juu juu hukauka upesi, ya ndani ya nyama hutoka kwa kusuasua. Saa nne mizani inasoma kilo 13, saa sita 8, saa nane 5, saa kumi jioni 4.

Sasa swali. Saa nne kamili, dagaa wanapoteza kilo ngapi kwa saa? Kuanzia saa nne hadi saa sita zimepotea kilo 5, yaani wastani wa 2.5 kwa saa. Lakini jua la saa sita limechanganywa humo. Fupisha muda: saa nne hadi saa tano, 2.75. Nusu saa tu, 2.875. Dakika sita, 2.975. Hapo mwalimu aweke chaki chini, anyamaze. Tatu itasemwa na darasa lenyewe.

Ndipo aje na herufi. Muda mfupi uitwe h; badiliko la uzito kuanzia saa nne, likigawanywa kwa h, linatoa −3 + h/4. Weka h = 2 upate −2.5, weka 0.1 upate −2.975. Alama ya kutoa inasema uzito unashuka.

Wengi hukwama hapa, na wana haki. Tumegawanya kwa h, kwa hiyo h si sifuri. Halafu, ili tupate −3, tunaifuta kana kwamba ni sifuri. Askofu George Berkeley aliwashambulia wafuasi wa Newton kwa kosa hilohilo mwaka 1734, na msingi imara wa kumjibu ulianza kujengwa na Cauchy mwaka 1821. Kwa hiyo mwanafunzi anayeguna si mzito wa kuelewa. Aambiwe kwamba h haifanywi kuwa sifuri kamwe. Tunachouliza ni −3 + h/4 inaelekea wapi h inapozidi kuwa ndogo. Kiswahili chetu nacho kinatega: jibu hilo huitwa "kikomo", na masikioni mwa mtu kikomo ni mahali pa kufika na kusimama. Mimi hupenda kusema "inakokaribia", hata kama kamusi haitafurahi.

Hesabu hiyohiyo ikifanywa kwa wakati wowote t, kasi ni −4 + t/2. Saa kumi jioni inakuwa sifuri: dagaa wamekauka. Usiishie hapo, uliza saa kumi na mbili. Fomula inatoa kilo 5! Dagaa wameongezeka uzito, na mvua haijanyesha. Darasa litacheka, na limeshajifunza kwamba fomula ina mipaka ambayo aljebra haiioni.

Sifuri hiyo inakutana tena na mwanafunzi wa uvuvi akisoma modeli ya Schaefer ya 1954. Weka nguvu ya uvuvi kwenye mstari wa chini na mavuno ya kudumu kwenye mstari wa wima. Mchoro unapanda, unafika kileleni, unashuka. Kileleni mteremko ni sifuri. Kupita hapo, boti zinaongezwa na mavuno ya muda mrefu yanapungua, na safari hii upande wa pili wa sifuri hauchekeshi. Aliyeona mitumbwi imekaa nchi kavu Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 atauliza mwenyewe, bila kusukumwa: sisi tuko upande gani wa kilele?