Mchwa wa Rukwa na Kinamasi Kilichokauka

Kuisoma ardhi oevu ya kale kwa kutumia mchwa kunaonekana kuwa kazi iliyoanza vibaya, maana mchwa wanaojenga chini ya ardhi hawastahimili udongo uliojaa maji. Faida yao iko hapo hapo.

Katika Bonde la Ufa la Rukwa, upande wa Songwe, kuna miamba iitwayo Nsungwe. Umri wake, takriban miaka milioni 25, ulipatikana kwenye majivu ya volkano yaliyonaswa katikati ya matabaka: majivu yana chembe za zirkoni, na ndani ya zirkoni urani hugeuka kuwa risasi kwa kasi inayojulikana. Miamba hiyo imetoa vyura, kaa wa maji baridi na samaki. Ungeishia hapo, ungechora kinamasi na kufunga daftari.

Mwaka 2016 timu ya mwanajiolojia Eric Roberts, akiwemo Cassy Mtelela wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilieleza viota vya mchwa vilivyogeuka mawe humo humo. Hawakutegemea mwili wa mchwa. Lakini shimo tupu lingeweza kuwa la mdudu yeyote; kilichowapa uhakika ni bustani za kuvu zilizobaki ndani ya vyumba. Mchwa mkulima hula mabaki ya mimea, huyatoa yakiwa vidonge vidogo, huvirundika na kuotesha kuvu juu yake. Ni jamii ileile ya kuvu inayotupa uyoga wa vichuguuni mvua zikianza. Vidonge hivyo vilionekana kwenye jiwe, mahali pake. Hadi wakati huo, bustani za kale zaidi zilizojulikana zilitoka Chad, za miaka milioni 7 hivi.

Sasa turudi kwenye kinamasi. Tabaka na kiota kilichomo havina umri mmoja: mashapo yalitulia kwanza, maji yakapungua, udongo ukapata hewa, ndipo mchwa wakachimba. Kumchora mchwa na chura wakiwa jirani siku moja ni kuusoma mwamba kwa haraka. Kinachosomeka ni ardhi iliyolowa ikakauka; kama ilichukua msimu mmoja au karne nyingi, kiota peke yake hakisemi.

Timu ilitumia pia umri huo wa miaka milioni 25 kurekebisha saa ya vinasaba, yaani hesabu ya muda inayotokana na tofauti za vinasaba, ikakadiria kwamba kilimo cha mchwa kilianza Afrika miaka milioni 31 hivi iliyopita. Hapo mimi naenda taratibu. Saa hiyo hufuata visukuku inavyopewa, na kiota cha kale zaidi kikichimbuliwa kesho, makadirio yatalazimika kufanywa upya.