Kuokoa chaji si uvumbuzi

Ukifyeka chini ya mikorosho huku Ndanda, mkono unajua wenyewe: nyasi laini, unapunguza nguvu. Sasa mashine ya umeme ya kukata nyasi ikipunguza kasi ya visu mzigo unapopungua, eti hataza! Sikubali. Sheria yetu ya Hataza ya 1987, iliyo mikononi mwa BRELA, inataka kitu kipya, kinachofaa viwandani, kisicho dhahiri kwa fundi. Bodaboda akiteremka kutoka Newala si anaachia mafuta? Ukimpa mtu wazo hilo tupu, fundi wa Masasi anayeunda yake atazuiwa bure. Ila jamani, mkondo wa mota hupanda nyasi zikiwa nzito, na hupanda pia kisu kikiwa butu. Aliyepata namna mpya ya kuvitofautisha, huyo alete maombi yake.