Alisimama Wapi?

Kijana mmoja wa klabu yetu ya picha hapa Kigali, ana miaka 16, alikuja Jumamosi moja na swali lililotuchekesha wote. "Yaya, mutu akitaka kupiga picha ya batu benye kuteleza kwenye theluji, anatumia lenzi gani?" Tukamwangalia. Theluji tunayoijua sisi ni ule weupe kidogo ambao asubuhi nyingine unaonekana juu ya Karisimbi, tena mawingu yakikubali. Wenzake wakaanza kumtania: unahamia Ulaya lini? Lakini yeye alikuwa na sababu. Kwenye simu yake alikuwa na picha ya Philip Boit.

Kwa wasiomjua, Boit ni Mkenya aliyekuwa mkimbiaji kabla ya kufunga zile mbao za kutelezea miguuni. Mwaka 1998 alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, kule Nagano, Japani. Kwenye mbio za kilomita 10 alifika wa mwisho, nafasi ya 92. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alikuwa amemaliza kama dakika 20 kabla yake. Lakini hakuondoka. Alimsubiri pale kwenye mstari, akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mtoto wake jina la Dæhlie. Picha za kumbatio lile zilizunguka dunia.

Ningeweza kumjibu kijana kwa dakika moja: chukua lenzi ndefu, funga mazungumzo. Lakini nilimwomba tuitazame ile picha pamoja. Inaonyesha nini? Watu wawili wamekumbatiana, ni nzuri sana. Haionyeshi nini? Akafikiri kidogo, akasema: "Haionyeshi mulima." Kweli. Kilomita 10 hazimo, vilima havimo, dakika 20 za mtu kuwa peke yake kwenye baridi hazimo. Ukiiona tu bila kusoma maneno ya chini, unaweza kudhani ni marafiki wamekutana.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiria makala hii. Swali la lenzi linaonekana kama swali la duka na bei. Kumbe ni swali la mahali pa kusimama.

Nieleze kidogo kwa wale ambao hawajashika kamera. Kwenye michezo ya theluji mpiga picha mara nyingi anakaa nyuma ya uzio, kwa sababu mtu anayeshuka kwa kasi ya gari hawezi kusimama akikukuta njiani. Kwa hiyo anatumia lenzi ndefu, milimita 200, 300, 400, imvute yule mtu hadi karibu. Wengine wanachagua njia nyingine: wanapanda na mchezaji wao, wanapatana naye atapita wapi, wanalala chini pembeni ya njia na lenzi pana, milimita 16 au 24, wamwone akipita juu yao na milima yote nyuma yake. Wa kwanza anapata uso na unga wa theluji ukiruka. Wa pili anapata mahali.

Na kuna ugonjwa ambao wote wawili wanaujua: mteremko kulala. Ukisimama mbele ya mtu anayekuja na ukampiga kwa lenzi ndefu, mlima unapotea. Jicho halina mstari wa kupimia. Mtu yuko kwenye ukuta wa kutisha, lakini kwenye picha ni kama anatembea uwanjani. Dawa yake haina gharama: shika kamera sawa, sogea ubavuni, ingiza kwenye picha kitu kilichosimama wima, mti, nguzo, nyumba. Jicho likiona kitu kilichosimama, linajua ardhi imelala au imeinuka.

Jambo lingine. Watu wanasema lenzi ndefu inabana vitu, inawasukuma walio nyuma waje mbele. Si kweli kabisa. Jaribu na simu yako leo. Piga picha ya foleni ya maji, halafu bila kusogea mguu, kata kipande cha katikati ukikuze. Utaona ni ileile ambayo lenzi ndefu ingekupa, ila ina ukungu. Kinachobana ni umbali. Ukiwa mbali, aliye mbele na aliye nyuma wanakaribia kuwa na ukubwa mmoja, basi wanaonekana wamegandana. Lenzi ndefu kazi yake ni kukuruhusu ubaki kule mbali bila kujulikana kwamba uko mbali.

Sasa tuje nyumbani. Sisi hatuna theluji lakini milima tunayo, na tuna watu wanaoipanda na kuishuka kwa kasi. Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025 Kigali ilipokea Mashindano ya Dunia ya UCI ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Siku ya mwisho wanaume walikimbia kilomita 267.5 na jumla ya kupanda ilikuwa mita 5,475. Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda, na waliomaliza mbio walikuwa 30 tu. Barabara ya mawe ya Kwa Mutwe, ambayo wageni wanaiita Ukuta wa Kigali, ina kama mita 400 na mwinuko wa karibu asilimia 11. Ukiwa na jerikani ya maji unaijua hiyo asilimia bila kuambiwa.

Kabla ya mashindano, klabu ilikuwa imekusanya faranga 120,000, za kununua lenzi moja iliyotumika. Vijana walitaka ndefu, ya 75 hadi 300. Mimi nilitaka ya milimita 50 inayopokea mwanga mwingi, tupige hata ndani ya nyumba zetu jioni. Tulibishana wiki mbili. Wakanishinda kwa kura, tukanunua ndefu.

Baada ya mashindano nilikaa nikatazama picha nyingi za siku zile, za wageni na za kwetu. Nitasema ukweli wangu. Nyingi zilikuwa na uso wa mwendesha baiskeli mkali kabisa, jasho unaweza kulihesabu, na nyuma yake rangi. Rangi tu: njano, bluu, kijani, imechanganyika kama sombe. Zile rangi ni watu. Ni watu wa Nyamirambo na Biryogo waliopanda juu ya kuta, mama wenye watoto mgongoni, wanafunzi waliopewa likizo. Lenzi ndefu iliyofunguliwa sana iliwafanya ukungu. Simlaumu mpiga picha. Alitumwa kumleta Pogačar, akamleta. Lakini huyo Pogačar angeweza kuwa Italia au Ubelgiji. Na mwinuko wenyewe, ule tuliouogopa miezi yote, ulikuwa umelala.

Picha iliyonishika ilipigwa na dada mmoja wa klabu, kwa simu, kwa sababu lenzi ilikuwa kwa wenzake. Hakupata nafasi mbele, akasukumwa hadi kwenye ukuta wa nyumba moja pembeni. Kwenye picha yake mwendesha baiskeli ni mdogo, amekatwa hata gurudumu. Lakini nyuma yake iko ile nyumba. Upande wa juu msingi wake umekaa ardhini, upande wa chini umeinuka juu ya mawe hadi kiuno cha mtu. Madirisha yamenyooka sawasawa na barabara inayakata kama kisu. Mlangoni amekaa mzee na kikombe chake, anatazama baiskeli ikipita mita mbili kutoka miguuni kwake. Hapo unaelewa mara moja: mlima ni mkali namna hii, na watu wanaishi juu yake kila siku. Kwangu ile ni picha bora kuliko nyingi zenye lenzi ya mamilioni.

Nimechelewa kusema kwa nini jambo hili linaniuma, nalo halianzi na baiskeli.

Mimi nimekulia Kiziba, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kule Karongi, juu ya kilima, Ziwa Kivu linaonekana chini. Nilipokuwa na miaka kama tisa, kalenda ya shirika moja ililetwa, na kwenye mwezi mmojawapo alikuwa Mama yangu. Amesimama kwenye foleni ya chakula, amekunja uso, nyuma yake vichwa na vichwa, watu wamegandana kama dagaa kwenye kopo. Majirani walikuja kuangalia, wakacheka, wakasema Mama amekuwa nyota. Mama hakucheka. Aliitazama muda mrefu, akatambua siku ile kwa kitenge alichovaa, halafu akauliza: "Ule mutu alisimama wapi? Sikumuona, miye."

Wakati ule sikuelewa swali. Leo naelewa, tena naweza kulijibu. Alisimama mbali, pengine mita 50 au zaidi, na lenzi ya 200 au 300. Ndiyo maana foleni imegandana. Mama anasema siku ile foleni ilikuwa ndefu lakini imelegea, wengine wamekaa juu ya magunia wakipiga stori, na uso wake ulikunjwa na jua tu. Ndiyo maana kilima hakimo na ziwa halimo. Kiziba, mahali penye mteremko ambao mvua ikinyesha unaenda nao mzimamzima, ilikuwa imelala kama uwanja wa mpira. Ni ugonjwa uleule wa theluji, ule wa kupoteza mlima. Tofauti ni kwamba Pogačar alijua anapigwa picha.

Basi nilitamani kuandika kwamba lenzi ndefu ni mbaya na pana ni nzuri, tumalize. Nilikuwa hata na mfano. Mwaka 2000 Mmarekani mmoja, David Jiranek, aligawa kamera za kutumia mara moja kwa watoto wa kituo cha yatima cha Imbabazi, upande wa Gisenyi. Kamera zile lenzi yake ni moja, pana kiasi, haina zumu. Mtoto akitaka uso wa rafiki yake hana njia nyingine, ni kutembea hadi aufikie. Na ukimfikia mtu, anakuona, anakuuliza unafanya nini, anacheka au anakataa. Picha za watoto wale zilionyeshwa hadi Marekani. Naamini nusu ya uzuri wake ilitokana na zile hatua ambazo kamera ya bei rahisi iliwalazimisha kupiga.

Lakini vijana wangu hawakunikubalia, na walikuwa na haki. Mmoja alisema: ameshaona mtu akiingiza lenzi pana karibu kabisa na uso wa mama anayelia, bila salamu. Huyo alikuwa karibu, je, aliheshimu? Mwingine akaleta picha aliyopiga kwa ile ndefu kule Kwa Mutwe: mwendesha baiskeli aliyeachwa nyuma kabisa, kinywa wazi, chumvi nyeupe shavuni, macho hayaoni tena kitu. Hakuna simu ingeipata, na mtu akisogea karibu angegongwa. Ni picha ya haki. Boit naye, kama angepigwa katikati ya zile dakika 20, pengine ingehitajika lenzi kama hiyo. Tena kuna wakati sisi wenyewe tunahitaji umbali: mtu ambaye uso wake haupaswi kuonekana kwa usalama wake, unaweza kumpiga kwa mbali, kwa mgongo, baada ya kuongea naye.

Baada ya kuongea naye. Nafikiri hapo ndipo tulipoishia. Mama hakuuliza "lenzi gani", na hakuuliza hata "kwa nini". Aliuliza yule mtu alisimama wapi, kwa sababu kama angemwona angeweza kusema neno, au kunyoosha kitenge chake, au kugeuka.

Kwa hiyo wewe unayefanya kazi kwenye shirika na unabeba kamera ya ofisi, sikuombi uache lenzi yako ndefu nyumbani. Nakuomba ufike kwanza bila kuiinua. Tembea ile foleni kutoka mwisho hadi mwanzo, usalimie, halafu ndiyo urudi usimame unapotaka. Na kama kambi yetu iko kwenye mlima, tafadhali mlima uwemo.

Na ninyi wadogo zangu mnaotaka kununua: kama una hela ya lenzi moja, na unataka kupiga watu wa nyumbani kwako, nunua fupi. Utalazimika kuomba ruhusa, na hiyo itakufundisha zaidi ya kamera. Kama ni baiskeli, mpira, au siku moja theluji, nunua ndefu, lakini usisahau kusogea ubavuni na kutafuta nyumba.

Ile ya 75 hadi 300 iko kabatini, tunaazimana kwa zamu. Chini ya kila picha tunayobandika ukutani sasa tunaandika jambo moja la ziada: mpiga picha alisimama wapi, hatua ngapi, na kama alionekana. Mwezi uliopita Mama alikuja Kigali kututembelea. Nilimpa kamera. Akanipiga mimi, kwa lenzi ndefu, ndani ya chumba kidogo. Lenzi haikukubali kushika ukali, nikatoka pua na jicho moja, tena vya ukungu. Tumeibandika. Chini yake tumeandika: hatua mbili, alionekana.