Uhakiki wa Istilahi: "Mmomonyoko" wa Nchi Kavu na wa Pwani

Istilahi "mmomonyoko" imekwisha kukubalika katika vitabu vya jiografia na vya kilimo, wala hatukusudii kuing'oa. Tunalolihakiki ni matumizi yake katika taarifa na tafsiri zinazohusu mabadiliko ya tabianchi, ambamo neno hili moja hubebeshwa kazi ya maneno kadhaa.

Tuanze na umbo lake. Kitenzi "momonyoa" kina mwenziwe "momonyoka", kama vile "bomoa" na "bomoka". "Mmomonyoko" umetokana na hicho cha pili. Kwa hiyo wataja hali bila kumtaja mtendaji. Kwa udongo wa nchi kavu upungufu huo si mkubwa, maana desturi imetufunza kuwa mtendaji ni maji ya mvua au upepo. Msomaji wa habari za Kondoa, ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973 na mifugo ikaondolewa mwaka 1979, hapotei: anajua kuwa maji ndiyo yaliyochimba makorongo katika ardhi iliyovuliwa miti na majani.

Pwani mambo ni mengine. Huko mawimbi humega ufukwe, na mkondo huuchukua mchanga kuupeleka kwingine. Ufukwe hupona iwapo mito italeta mchanga mpya. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, mchanga wa ujenzi ulichimbwa katika mito iulishayo ufukwe, na ufukwe ukazidi kupungua. Tukiandika tu kwamba "mmomonyoko umesababishwa na tabianchi", tumemficha mchimba mchanga.

Ni kweli kwamba usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018. Lakini bahari ipandapo hufanya mambo mawili: huyawezesha mawimbi kumega mahali pa juu zaidi, na hufunika nchi tambarare pasipo kumega kitu. Hili la pili si mmomonyoko hata kidogo.

Tutazame kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani. Zamani kilikuwa na miti, na kasa wakitaga humo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilikuwa kimekwisha kutoweka, kikabaki fungu la mchanga lionekanalo maji yakipwa. Mtafsiri aandikapo kuwa "kilizama" au "kilimegwa" ametoa hukumu juu ya chanzo, apende asipende. Mtu wa pwani asemaye kuwa kisiwa "kimeliwa na bahari" humtaja mtendaji waziwazi, jambo ambalo istilahi yetu rasmi imeshindwa kulifanya.

Kwa hiyo tunapendekeza "mmomonyoko" ubaki kwa udongo wa nchi kavu. Kazi ya mawimbi iitwe "umegaji wa ufukwe". Na bahari kutanda juu ya nchi kuitwe "ufunikwaji wa pwani". Watakaosema kuwa "mmomonyoko wa fukwe" umekwisha kuzoeleka hawakosei, na katika mazungumzo hauna ubaya. Lakini taarifa ya serikali huzaa amri. Umegaji huweza kuhitaji ukuta au marufuku ya kuchimba mchanga; ufunikwaji huweza kuhitaji watu wahamishwe. Afisa aliyepewa neno moja kwa maafa mawili atatoa dawa moja, na huenda isiwe ndiyo.